Kitasa cha Mlango wa Kulia

Kwako Editha, binti wa kaka yangu, ambaye mimi nasema ni mwanangu na hajatokea wa kunibishia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari letu, Mmarekani. Usicheke. Mezani kule mama yako mdogo anachambua maharage ya safari yako, na yule mwanamke anaweza kukusoma usoni kabla hujashika kalamu. Barua hii sitaki isomwe na mtu mwingine kabla yako. Karatasi nimeiweka juu ya usukani, na usukani wa gari hili unaujua, watu wawili wanaweza kulia ugali juu yake wasigombanie mboga. Ukiona mistari yangu inateremka usidhani nimepita kilabuni. Sijanywa kitu tangu asubuhi. Sababu nitakwambia, ila siyo sasa hivi.

Jua bado lipo. Umeenda Hanga kumuaga bibi yako, na basi la kurudi halifiki hapa kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo ninazo kama saa tatu za kuwa mwanamume. Baada ya hapo utaingia getini, utasema "Shikamoo Baba Mdogo, gari limeamkaje?" na mimi nitaanza tena kuongea kama redio. Ndiyo maana naandika.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za wanaume wa Morogoro, hizo utaambiwa na mama yako mdogo mpaka masikio yakuume. Mimi nina jambo moja tu. Nimelizunguka miaka ishirini na moja kama mbwa anavyomzunguka nyoka, anabweka weee, hasogei.

Niruhusu kwanza nijisifu kidogo, nisipoanza hivyo kalamu haitembei. Kuanzia Mbinga mpaka Nakapanya hakuna gari kama hili. Bampa lake ukichuchumaa mbele unanyoa ndevu bila kioo. Boneti lake ni refu kiasi kwamba linafika mjini kwanza, sisi abiria tunafuata. Wazee wa Mfaranyaki likipita wanasimama na kuvua kofia, mmoja nilimwona kwa macho yangu akilipungia mkono wa kwaheri kama vile limembeba Rais. Lina miaka mingi kuliko mimi, na mimi nina hamsini na mbili, lakini kutu halina, maana huku kwetu hakuna hewa ya chumvi. Hata ile saa ya kwenye dashibodi inayosema saa nne kasorobo, inasema kweli mara mbili kwa siku, na hapa mtaani nawajua watu wasiofikisha hata hiyo mara moja.

Na wewe ulipolitaka nilivimba. Nakumbuka walimu wenzako walivyokutania pale barazani. "Editha, unakwenda kuanza kazi na gari la makumbusho! Wenzio wanatafuta vigari vya Kijapani visivyokunywa mafuta." Ukawajibu huku umeshika kikombe cha chai, "Kazini nitapanda bodaboda. Hili ni la Jumapili. Nyie Jumapili mnaangalia mpira, mimi nitakuwa nimefungua boneti." Ukawaeleza kwamba halina kompyuta, kwamba kabureta yake unaifungua kwa bisibisi moja, kwamba fundi anayeweza kutengeneza mashine ya kusaga anaweza kulitengeneza, na kwamba vifaa vyake bado vinatengenezwa huko kwao na vinaagizwa kwa simu, vinakuja kwenye kifurushi kama nguo. Ukawaambia huko Morogoro kuna watu wa kawaida kabisa, fundi cherehani, nesi, mzee mstaafu wa reli, wana magari yao ya kale na Jumapili wanakutana kuyaosha na kudanganyana. Nikasema moyoni, huyu ni damu yangu. Hasa hapo pa kudanganyana.

Halafu yule mwalimu wa jiografia akaligonga gonga bati na kusema, "Mzee Damasi, hongera. Gari limetunzwa hili." Nikaitikia, "Asante." Nimeitikia hivyo kwa watu wote. Sasa nakwambia wewe. Halikutunzwa, mwanangu. Liliogopwa.

Unajua lilivyokuja. Kulikuwa na daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akizunguka vijijini kutibu watu, na baba yako, marehemu kaka Ambrosi, alikuwa dereva wake. Daktari alipozeeka akarudi kwao, gari akamwachia kaka. Kaka alikuwa dereva kweli. Hakuwa msemaji. Alikuwa akifika kwenye mteremko anapunguza gia kabla hajaambiwa na mtu, anashuka polepole kama anayebeba mayai, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni namwambia, "Kaka, achia bwana, tutalala njiani!" Yeye akaendelea kubeba mayai yake. Alipofariki, wewe ukiwa na miaka minne, nikarithi gari, na nikakupata na wewe, maana mama yako alikuwa nesi pale zahanati ya Mpitimbi na wewe ulitakiwa uanze shule ya awali huku mjini. Nilipewa vitu viwili vya thamani kwa msiba mmoja, na akili ya kuvibeba sikupewa.

Na hadithi unaijua. Songea nzima inaijua. Jinsi Mmarekani alivyofeli breki mlima Lukumburu, wewe ukiwa ndani na miaka yako mitano, na jinsi mimi Damasi nilivyoruka nje, nikakimbia nyuma, nikalikamata bampa kwa mikono miwili, nikakita visigino ardhini na kulivuta mpaka likasimama. Mifereji miwili ya visigino vyangu, mvua ikinyesha, maji yanapita hadi leo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimelishika tu. Mwaka wa tatu likaongezeka basi lililokuwa linapanda mbele yetu. Mwaka wa saba kukawa na chui amekaa kwenye kona akitazama mpira unavyochezwa. Watu walicheka, na mimi nilicheka, na hakuna aliyeamini visigino wala chui. Lakini kuna sehemu moja ambayo wote waliiamini, kwa kuwa haina chumvi na inafanana na kweli: kwamba nilitoka kwenye gari kwa ajili yako.

Jumapili iliyopita, kwenye sherehe yako ya kuagwa, niliisimulia tena. Nikamwongezea chui mtoto. Watu wakashika mbavu. Halafu wewe ukasimama, na soda mkononi, ukasema, "Jamani, mnaniambia nisipite mlima wa Kitonga na gari kuukuu. Mimi siogopi Kitonga. Mimi ni mtoto niliyeshikiwa gari kwa mikono." Wakapiga makofi. Mimi nikahisi miguu imelowa kama nimekanyaga kisima.

Kisha ukanifuata jikoni. Unakumbuka? Ulisema polepole, "Baba Mdogo, nimefungua kila kitu kwenye gari hili, injini, nyaya, rejeta, mpaka viti. Breki tu ndiyo sikufungua, kwa sababu ulisema zote nne ulizifanya mwenyewe."

Nikasema, "Nilizifanya."

Ukasema, "Basi. Uliyelishika kwa mikono, nitashindwaje kukuamini kwa spana?"

Tangu siku hiyo sijala nikashiba. Mama yako mdogo anadhani ni tumbo.

Haya. Kweli yenyewe hii hapa, na naiandika haraka kabla sijaipamba.

Haikuwa Lukumburu. Ilikuwa ule mteremko wa kwenda Mpitimbi, kabla ya daraja, ambao leo ukipita na baiskeli hata hushuki. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nakupeleka kwa mama yako. Mwezi mzima kabla ya hapo breki zilikuwa zinavuja, na mafuta ya breki dukani yalikuwa hayapo, au yalikuwepo nikaona uvivu kuyafuata, sikumbuki vizuri na sitaki kujitetea. Nikatia maji ya sabuni. Madereva wa malori ya tumbaku walikuwa wakifanya hivyo wakikwama porini, wafike tu mahali pa kupata mafuta yenyewe. Wao walikuwa wakitumia sabuni ya kufikia tu. Mimi nikaigeuza dawa. Nilikuwa nawaambia watu kwamba nimegundua kitu ambacho Wamarekani wenyewe hawakijui.

Na mteremkoni nilikuwa natia frii. Gia natoa, gari linajishukia lenyewe, mafuta hayaliwi. Kaka alikuwa amenikataza maisha yake yote. Lakini petroli ilikuwa kidogo, majivuno yalikuwa mengi, na yeye alikuwa ameshalala makaburini, pale Mahenge ya hapa mjini.

Sasa wewe. Unajua kwamba usukani wa gari hili uko kushoto, na dereva akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka atoe pua nzima barabarani. Kaka alinifundisha kwamba anayekaa kulia ndiye macho. Mimi nikakufundisha wewe. Ulikuwa unasimama juu ya kiti, mikono kwenye dashibodi, shingo umeinyoosha kama kifaranga. Njia ikiwa wazi unasema "Nyeupe!" Kukiwa na kitu unasema "Rudi!" Hukuwahi kukosea. Madereva wakubwa waliokaa kiti hicho walikuwa wanasinzia, wewe hukusinzia. Ukisema nyeupe, mimi nakanyaga, sitazami mara mbili. Nilikuamini hivyo, mtoto wa miaka mitano. Kumbuka hilo unaposoma yanayofuata.

Tulianza kushuka. Nikatia frii. Gari likashika kasi, hakuna mlio wa injini, upepo tu na changarawe zikigonga chini ya bodi. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama kama nimekanyaga tope. Nikapampu. Tope. Nikajaribu kurudisha gia, ikapiga kelele ya kusaga mifupa, ikakataa. Nikavuta handibreki, waya ukakatika, nikabaki na mkono wake kama mtu aliyeng'oa mhogo. Chini kulikuwa na daraja lile la zamani lisilo na kingo, upana wake ni magurudumu na dua.

Editha, sentensi inayofuata nimeiandika mara nne nikaifuta, ndiyo maana karatasi hapa imechubuka. Nilifungua mlango wangu nikaruka.

Sikukuita. Sikukuvuta. Mkono wangu wa kulia na wewe ulikuwa umbali wa kiwiko. Sikukumbuka kwamba upo. Nasema hivi siyo kwa kujitetea, nasema ili ujue woga ulivyo. Watu wanasema woga ni kutetemeka. Hapana. Kutetemeka kunakuja baadaye. Woga wenyewe ni kwamba dunia nzima inapungua, inapungua, mpaka anabaki mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Nilianguka kwenye majani, nikabiringika, nikainua kichwa. Nikaona nyuma ya gari ikiondoka. Mlango wa kushoto uko wazi unapigapiga kama sikio la tembo. Kiti cha dereva kitupu. Na kichwa chako kidogo na zile ribini nyeupe, umesimama palepale, unatazama mbele. Na nikasikia sauti yako.

"Nyeupe! Baba Mdogo, nyeupe!"

Ulikuwa hujageuka. Ulikuwa unafanya kazi yako. Ulikuwa unampa njia dereva ambaye hayupo.

Sauti hiyo ndiyo ninayoishi nayo. Mama yako mdogo akinikuta nimekaa kitandani macho wazi, nikamwambia nawaza bei ya mbolea, ujue siwazi mbolea.

Mungu ni mkubwa, au kaka alikuwa ameshika usukani, sijui. Gari lilipita daraja katikati kabisa, hata mimi nikiwa ndani nisingelipitisha vile. Likapanda upande wa pili, likachoka, likayumba, likaingia kwenye mahindi ya mtu, likasimama. Kulikuwa na bibi mmoja anapalilia, Bibi Kandida, marehemu sasa. Nilipofika nakimbia, goti linavuja damu, alikuwa ameshakutoa na kukuweka kiunoni, jembe amelitupa. Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Dereva ni wewe?"

"Ni mimi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Na gari lilikuwa linaendeshwa na nani?"

Wewe ukasema, "Nilimwambia nyeupe."

Watu wakaanza kuja mbio kutoka kanisani na zahanati, na mama yako alikuwa mmoja wao, amefunga kanga juu ya nguo ya kazi. Akauliza kwa kelele, "Damasi! Umefanya nini na mwanangu?" Na hapo, mbele ya macho ya yule mama, ulimi wangu ukakimbia kuliko gari. "Nililishika, shemeji! Nimeruka nikalishika kwa nyuma!" Nikamwonyesha mikono iliyochubuka kwenye changarawe. Akaishika mikono hiyo. Aliibusu, Editha. Alilia juu ya mikono yangu.

Bibi Kandida aliokota jembe lake, akanipa wewe mikononi, akasema kwa sauti ya chini, nisikie mimi tu, "Haya, mshike basi mtoto, maana mikono yako ina nguvu."

Hivyo ndivyo hadithi ilivyozaliwa. Haikuzaliwa kilabuni. Ilizaliwa juu ya uso wa mama yako, na kila mwaka nilipokuwa nikiiongezea chui na basi, nilikuwa narundika magunia juu ya shimo ili mtu asilione.

Gari nikalivutisha kwa lori mpaka shambani Namtumbo, nikaliingiza kwenye bani la zamani la kukaushia tumbaku, nikaziba mlango. Watu wakiuliza nasema linangoja kifaa kutoka Marekani. Kila mwezi nilikuwa nakwenda kulipangusa, kulipaka mafuta, kulifunika turubai. Wakasema, Damasi anapenda gari lake kama mke wa pili. Nilikuwa nakwenda kuhakikisha kwamba bado limelala. Bati lake ni zima, ngozi ya viti ni nzima, na ile harufu ya tumbaku unayoipenda ni ya pale gizani lilipokaa miaka yote hiyo. Huo ndio utunzaji uliopigiwa makofi.

Halafu mwaka jana ukalivuta nje.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, maana haya mengine ni ya zamani lakini hili ni la kesho. Breki za mbele nilizifanya. Hilo ni kweli, vifaa vipya, mafuta yenyewe ya breki, siyo sabuni. Za nyuma sikuzigusa. Nilikwenda na spana mara tatu. Nikilala chini ya gari upande wa nyuma, nikiziona zile paipu za mafuta ya breki, mikono inakufa ganzi, naisikia ile "nyeupe," natoka. Mara ya tatu nikapangusa vumbi kwenye nati ili zionekane zimefunguliwa, nikaja nikakwambia zote nne tayari. Na wewe ukaandika kwenye daftari lako la gari: breki, Baba Mdogo, tayari. Nililiona daftari hilo. Uliweka na alama ya vema.

Gari hili breki zake zote nne zinakula chungu kimoja. Paipu moja ikipasuka, zote zinakufa kwa pamoja. Hapa mjini hujahisi kitu kwa sababu Songea unagusa breki kama unavyogusa mtoto aliyelala. Kitonga siyo hivyo. Na kuhusu Kitonga: nilikwambia nimeishusha mara saba na Mmarekani, mara mbili usiku, mara moja nikiwa na malaria. Nimepita Kitonga mara moja. Ndani ya basi. Nimeinamisha kichwa magotini, najifanya natapika, ili jirani yangu asijue nimefumba macho. Kwa hiyo yale yote niliyokufundisha kuhusu kona zile, yafute. Niliyasikia kwa mtu, na huyo mtu naye alikuwa mwongo kama mimi.

Leo asubuhi ulipopanda basi la Hanga, nilisimama pale stendi mpaka likapotea. Nikarudi nyumbani nikaleta jeki na mawe. Nikasema leo nafungua, nife. Nikang'oa magurudumu ya nyuma. Nikafungua dramu za breki. Ndani kulikuwa na tope jekundu la kutu, na mipira imevimba na kulegea kama uyoga wa juzi. Nikaishika paipu, sikuivuta, niliishika tu. Ikavunjika vidoleni kama bua kavu la mhindi.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Mama yako mdogo akapiga kelele kutoka jikoni, "Baba Nani wewe, umeumia?" Nikamwambia nimekanyaga msumari.

Ile paipu ingekufikisha Makambako. Ingekufikisha Iringa. Ungekula chipsi pale, ungenipigia simu ukisema gari linakwenda kama maji. Halafu ungeanza kushuka, na lori nyuma yako na bonde pembeni, na ungekanyaga, na mguu ungezama. Na mimi nakujua. Usingeruka. Ungekaa unajaribu, kwa sababu umekua ukiamini kwamba watu wa ukoo wako hawaruki kujiokoa.

Basi ndiyo sababu mistari yangu inateremka. Gari liko juu ya mawe, matako juu, pua chini, na mimi nimekaa kwenye kiti cha dereva nimeelekea mteremkoni. Haliendi popote, najua haliendi, na bado mguu wangu wa kulia umekanyaga breki tangu sentensi ya kwanza. Fulana imelowa.

Kesho hutaondoka. Najua masanduku yamefungwa na utakasirika, na ni haki yako. Kazini unaripoti Jumatatu, leo ni Alhamisi, siku ipo. Fundi Yazidu wa Bombambili anakuja kesho asubuhi na paipu mpya na mipira mipya. Nimemweleza kila kitu, na kwa mara ya kwanza maishani nimemaliza mazungumzo na fundi bila kumfundisha. Usimwachie yeye peke yake. Fungua wewe, kwa mikono yako, kila gurudumu, uone kwa macho. Mimi nitawashikia spana. Ukimaliza, futa jina langu kwenye lile daftari.

Mawaidha sina. Mtu aliyeruka hana mawaidha. Nina mambo mawili niliyoyalipia, chukua kama yatakufaa. La kwanza ni la baba yako: mteremkoni gari liwe ndani ya gia, hata kama tanki linalia. La pili ni langu. Ukikuta mtu anajisifia jambo lilelile mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka linanenepa, usimcheke tu. Mfungue nyuma. Na siku ukijikuta ni wewe unayejisifu hivyo, jifungue kabla mtoto wa mtu hajapanda.

Mama yako, huko Nakapanya anakoishi siku hizi, nitamwambia mwenyewe. Nitakwenda, sitapiga simu. Ile mikono aliyoibusu nitamrudishia.

Ninaogopa, Editha. Naogopa Kitonga, naogopa wewe kuisoma barua hii pale mlangoni huku mimi nakuangalia kupitia dirishani, naogopa utakaponiita. Sijui utaniita nani. Miaka yote hii ukisema "Baba Mdogo" kuna kitu kilikuwa kinanifinya na kingine kinanipapasa, kwa neno moja.

Ndani ya bahasha hii utakuta kitu kizito kimefungwa kwenye kitambaa. Ni kitasa cha ndani cha mlango wa kulia. Nimeking'oa leo. Skrubu zake ziko kwenye kisahani cha majivu. Kama ukishasoma unaona kiti kile apewe mtu mwingine, kirudishe kitasa mahali pake, ni kazi ya dakika tano, na mimi nitakupungia mkono hapa getini na sitasema neno.

Lakini kama bado utanipa nafasi, Jumamosi nitakaa kulia. Nitakuwa macho yako kutoka hapa mpaka chini kabisa ya Kitonga, mpaka Ruaha Mbuyuni pale barabara inapotulia. Nitakuwa natetemeka, utanisikia, pengine nitamwita kaka kwa sauti. Lakini nitasema nyeupe pale tu ambapo ni nyeupe. Na mlango wangu hautafunguka kwa ndani.

Tukifika chini, zima injini. Zunguka, unifungulie kwa nje.

Baba yako mdogo,
Damasi